Draivu Niliyoipinda kwa Mkono Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana hakuniuliza cheti. Alinitazama mikono, akanipa pamba, spiriti na draivu ya flopi iliyofunguliwa kifuniko, akasema, "Safisha kichwa. Ukikikwaruza, kesho usije." Fundi mwanamke nilikuwa peke yangu pale Temeke, na wanaume walishaanza kunong'onezana. Nikakisafisha. Kesho yake nikaja, na nikaendelea na kazi hiyo mpaka nilipostaafu.

Nyie mliokulia na simu mkononi, nisikilizeni. Flopi, au diski, ni kisahani laini ndani ya ganda la plastiki, tulichohifadhia maandishi ya kompyuta. Draivu ndiyo hukisoma. Ndani yake kuna mota ya kukizungusha, na kichwa kidogo kinachofuata njia za duara zisizoonekana kwa macho. Kichwa kikikaa upande hata unywele mmoja, draivu hiyo itaandika pembeni ya njia. Yenyewe itajisomea vizuri tu, ila draivu nyingine haziambulii kitu. Kazi yangu ilikuwa kuvinyoosha vichwa hivyo, na bila kujisifu, au basi, kwa kujisifu, hakuna aliyenifikia.

Baadaye nilihamishiwa Kinondoni, chini ya Fundi Mkuu, bwana mkali mwenye sauti ya chini. "Rukia," alikuwa akiniambia, "kabla hujanyoosha, uliza diski zao ziko wapi." Maana ukishanyoosha, yaliyoandikwa draivu ikiwa imepinda hayasomeki tena. Kwa hiyo tulinakili kila kitu kwanza, ndipo bisibisi inashikwa.

Sasa nimestaafu, nakaa Chamazi. Wastaafu wenzangu wanafuga kuku. Mie nanunua draivu mbovu kwa watu wa vyuma chakavu Gongo la Mboto. Tuko kikundi cha wapenda mashine za zamani, na Jumapili hukutana barazani kwangu. Mwezi uliopita nilikamilisha moja kwa mkanda mpya na mota niliyoing'oa kwenye nyingine. Ikanyooka kama rula! Diski ya kipimo, ile tunayonyooshea vichwa, ilikwaruzika ikafa palepale, na nyingine hatujui pa kuipata. Hamisi, mhasibu mmoja wa kikundi chetu, akaibatiza draivu ile Malkia.

Jumapili iliyofuata akaja Saida kutoka Kigamboni, flopi kaifunga kwenye pindo la khanga. Saida alikuwa mpiga chapa wetu Temeke. Mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa kungwi, na maneno yake kwa maharusi Saida aliyaandika ofisini saa za chakula. Karatasi zililiwa na mchwa. Ikabaki flopi hii moja.

"Shoga, binti yangu anaolewa Jumamosi," akasema. "Nataka afundwe na bibi yake mwenyewe."

Tukaitia ndani ya Malkia. Krr, krr, krr. Ikakataa.

"Diski imekufa, mama. Pole sana," Hamisi akasema. Saida akainama, akaanza kulia kimya kimya.

Nikamuuliza, "Uliandikia kompyuta ipi?"

"Ile ya dirishani. Iliyoanguka tulipohama jengo, wewe ukiwa umeshahamia Kinondoni. Niliyaandika baada ya hapo."

"Basi haijafa! Iliandikwa na kichwa kilichopinda." Na kompyuta ile ilishauzwa chuma chakavu zamani. Nikachukua bisibisi.

Hamisi akaushika mkono wangu. "Bi Rukia, shikamoo yako, lakini hapana. Ukilegeza hizo skrubu, bila diski ya kipimo hatuirudishi tena. Ndiyo iliyobaki!"

"Marahaba. Niachie mkono."

Roho iliniuma, nisiwadanganye. Maisha yangu yote nimenyoosha, leo napinda kitu kizima kwa makusudi. Nikalegeza skrubu za mota ya kichwa, ile inayokisogeza, nikaisukuma kidogo sana kwa kidole, nikisikiliza. Krr. Nikasukuma tena. Krr. Hamisi kwenye skrini anasema imekataa, imekataa. Nikageuzia upande wa pili, taratibu. Sauti ikabadilika, ikawa tk, tk, tk, kichwa kinatembea kwenye njia yake.

"Imesoma!" Hamisi akapiga kelele. "Wallahi imesoma!"

Saida akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Mwanangu, ukiwa na hasira usishike chumvi. Kaa chini kwanza, mwite mumeo amenye vitunguu, mlie wote." Akacheka, machozi yanamtoka. "Ndiye! Ndiye mama huyu, Rukia!"

Tukayanakili kwenye simu yake, yeye akayanakili na kwa kalamu, maana simu haiamini. Jumamosi nilikuwepo, nikamsikia bi harusi akifundwa na bibi aliyekwishazikwa.

Malkia bado imepinda. Hamisi alisema tujaribu kuirudisha kwa kubahatisha, nikamwuliza, "Diski zao ziko wapi?" Maana wapiga chapa walioitumia kompyuta ile ya dirishani walikuwa wengi. Nimebandika karatasi juu yake, nimeandika kwa herufi kubwa: ISINYOOSHWE.