Abiria Wasiokuwepo

Kiti chake cha kando ya dirisha, ghorofa ya tatu, kilikaa wazi miezi minne. Vijana wa kitengo walikizunguka kama shimo. Simu ya pale mezani ikilia, hakuna aliyeipokea.

Walimwita Mama Mabomba. Alikuwa mhandisi mwandamizi wa data katika kampuni inayouza tiketi za ndege na vyumba vya hoteli mtandaoni. Jina la msafiri, safari yake, kitanda atakacholalia, vyote vilipita katika mifereji aliyoichimba yeye. "Mimi fundi bomba tu," alizoea kusema, "ila maji yangu yana majina ya watu."

Mdogo wake aliolewa na mwanamume mwenye mkono mwepesi. Mwaka wa kwanza kofi, wa pili mkanda. Wa tatu alimvunja taya kwa pasi, kisha akaenda zake kulala. Siku alipotolewa nyaya zilizofunga taya, mdogo mtu aliazima simu ya muuguzi, akanunua tiketi, akatoweka. Mji aliokimbilia aliujua dada yake peke yake.

Jumanne moja mchana, wenzake waliposhuka kula, mlinzi alimwona shemeji mtu kavaa shati safi. "Pita tu, kaka, yupo juu."

Alipofika juu, shemeji mtu aliufunga mlango wa ofisi kwa ndani.

"Shemeji, habari za kazi?"

"Toka."

"Ndivyo unavyokaribisha wageni? Mke wangu yuko wapi?"

"Sijui."

"Hujui! Na wasafiri wote wanapita mikononi mwako?" Alimkamata nywele, akambamiza uso kwenye ukingo wa meza. Jino likadondoka juu ya kibodi. "Fungua hilo dude."

Wahandisi huwa na jedwali la abiria wasiokuwepo, watu wa kubuni wa kujaribia mitambo. Ukiandika jina lolote, mtambo wenyewe humpangia ndege na hoteli. Alilifungua hilo.

"Unaandika nini?"

"Jina lake. Nitamtafutaje bila jina?"

Skrini ikaleta ndege ya Ijumaa iliyopita, mji wa mbali, hoteli, chumba namba 214. Mume alisoma polepole, midomo ikicheza.

"Kumbe unajua! Ungesema mapema ungebaki na jino lako."

Alimburura hadi mlangoni, akauweka mkono wake wa kulia penye bawaba, akausukuma mlango. Mifupa ililia kama kuni kavu. Akaufungua.

"Ni huko kweli?"

"Huko."

Akausukuma tena.

"Huko, shemeji! Wallahi, huko!"

Aliondoka akipangusa viatu.

Kesho yake alipanda ndege. Lakini jedwali lile lilibuni watu tu. Hoteli lilizichukua zilizopo. Katika chumba 214 alikuwa amelala fundi wa mashine za kukamulia maziwa, mgeni wa watu, aliyekuja kikazi. Mume alivunja mlango, akamkuta mwanamume kitandani, akaamini alichokuja nacho kichwani, kwamba huyo ndiye aliyemficha mkewe. Alimchoma kisu mara kumi na moja, akamuua. Polisi walimkamata koridoni, bado anamwita mkewe.

Habari ilimkuta Mama Mabomba wodini, mkono umefungwa plasta. Mdogo wake alimwambia kwa simu, "Umeniokoa, dada." Aliomba kalamu, akaandika barua ya kuacha kazi kwa mkono wa kushoto, herufi zikiyumba.

Sasa anaishi na mdogo wake nyumba ya vyumba viwili, na asubuhi huandikisha wagonjwa katika zahanati.