Beringi Iliyokataliwa Kwenye Kaunta

Hebu jiweke kwenye duka la vipuri mjini Kericho, foleni imefika mlangoni. Mbele yangu, mama mmoja kutoka Kipkelion anafungua gazeti lililolowa grisi. Ndani mna habu kuukuu, kitovu cha gurudumu la nyuma chenye beringi yake ndani; ikizungushwa inakwaruza.

Muuzaji akamletea mpya. Mama akaziweka uso kwa uso.

"Hii haina pahali pa kuchomeka waya wa breki, ule wa kuzuia gurudumu lisiteleze."

"Mama, zote ni moja. Fundi atakata huo waya, gari itatembea tu."

"Na nikikanyaga breki kwa mteremko, kwa mvua?"

"Sasa mama, unachagua beringi ama mchumba?"

Tukacheka.

"Mchumba mbaya angenisumbua peke yangu," akajibu. "Kesho asubuhi nampeleka mamangu hospitali kusafishwa damu, figo zake zimekataa. Hawezi kukosa siku yake, na siwezi kumwangusha bondeni."

"Chukua tu, mama, tunachelewa," mtu akaguna nyuma. Mama hakugeuka. Aliweka viganja viwili juu ya kaunta, akangoja.

Muuzaji akashusha pumzi, akavuka barabara hadi kwa mwenzake, kama wafanyavyo wenye maduka haya wakikosa kitu, akarudi na habu nyingine. Mama akalinganisha tena, taratibu, tundu kwa tundu, ndipo akalipa.

Darasani huwa tunamsifu mtoto anayeuliza mara ya pili. Kwenye foleni, mtu mzima akifanya vivyo hivyo, tunamgunia.

Ukiambiwa zote ni moja, tafadhali kumbuka kuzilinganisha kwanza.