Mtoto Mnene wa Banda la Chai

Jumapili iliyopita nilialikwa mtaa wa Munuki, hapa Juba, kumwona mtoto mchanga wa jirani yangu wa zamani. Wageni walipokezana mtoto, wakambinya mashavu, na mama mmoja akasema jinsi alivyonenepa, Mungu amembariki. Niliweka kikombe chini, nikasema naumwa kichwa, nikaondoka. Wenyeji wakadhani nina majivuno. Basi wewe unayenijua nikueleze, maana nimechoka kukisingizia kichwa changu.

Tulikaa mtaa wa Kator, nyuma ya kanisa kuu, miaka ile ya vita mji ulipozingirwa na barabara ya kwenda Uganda ikafungwa. Tulikuwa tumerudi kutoka Uganda si muda mrefu, ndiyo maana nyumbani tulisema Kiswahili na Kiarabu cha Juba tulikiokota mitaani. Baba alikuwa amekwama upande wa pili wa mpaka na bidhaa zake. Nyumba ikawa mikononi mwa mama yake, bibi yangu, ambaye tulimwita haboba kama watoto wote wa Juba wanavyowaita bibi zao. Haboba alikuwa na banda la chai kando ya barabara, na banda hilo ndilo lililotulisha.

Sitakudanganya, kulikuwa na raha yake. Alfajiri niliamshwa na mchi mdogo ukitwanga tangawizi na hiliki, halafu kengele ya kanisa, halafu mafuta yakianza kulia kwenye karai. Kazi yangu ilikuwa kupepea mkaa na kuosha glasi. Haboba alichota unga laini kwa vidole, akaudondosha kwenye mafuta, ukafura ukawa legemat, vile vidonge vitamu ambavyo askari na makarani walivila kwa chai ya rangi kabla ya kazi. Sukari ilikuwa adimu mjini kote, lakini kwetu ililetwa na askari wenyewe, kwa kuwa hawakutaka kunywa chai chungu. Watoto wenzangu walinionea wivu, nami nilitamba kweli kweli.

Haboba hakuficha fahari yake. Njaa, alisema, ni ya watu wa kambini waliokimbia vijiji vyao. Mjukuu wa mwuza chai hawezi kukosa chakula. Alilisema hilo kwa sauti, wateja wasikie.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na mwaka na nusu hivi mama aliposhika mimba nyingine. Siku haboba alipojua, alimwachisha mtoto ziwa siku hiyohiyo, akisema maziwa ya mjamzito ni machafu, yatamharisha. Mama hakubisha. Alikuwa mke wa mwana tu, na mumewe hayupo. Tangu hapo mtoto alilelewa bandani. Asubuhi legemat iliyolowekwa kwenye chai, mchana hivyo hivyo, jioni uji mwepesi wa mtama wenye sukari nyingi. Kuku wetu walitaga, lakini mayai yaliuzwa kwa maofisa, na isitoshe walisema mtoto akila yai atachelewa kusema. Karanga zilisagwa kwa mchuzi wa wakubwa. Hakunyimwa, nakwambia. Alikula mpaka akacheua, na ndilo linalonitia hasira mpaka leo, kwamba alikuwa anashiba.

Akaanza kupendeza. Mashavu yalijaa mpaka macho yakawa mistari miwili. Miguu ikawa minono, ngozi ikang'aa. Nywele zililainika, zikapata wekundu, na wateja wakasema amechukua nywele za Kihabeshi. Aliacha kulia, aliacha kutembea, akakaa pale alipowekwa kutwa nzima, nao wakasema ana adabu ya mtu mzima. Fundi cherehani wa jirani alimshonea kaptura mpya, akamwambia haboba kwamba huyu mtoto iko kama mtoto wa waziri. Haboba alicheka mpaka akafuta machozi. Ugonjwa ulikuja na dalili zake zote, kila dalili ikapewa sifa yake, nasi tukashukuru.

Mimi nilikuwa na dalili yangu peke yangu. Siku moja, nikiwa nimempakata, nilimbonyeza juu ya mguu kwa kidole gumba, na nilipoondoa kidole, shimo likabaki. Lilikaa pale kama kwenye unga wa haboba, likajaa polepole. Nilifurahi sana. Nikawaita watoto wa uani, tukawa tunashindana nani shimo lake litakaa zaidi. Tulimbonyeza miguu yote miwili mpaka magotini. Yeye alitutazama tu, hakuvuta mguu hata mara moja. Nilikuwa na miaka tisa na sikuona kitu cha ajabu kwa mtoto asiyevuta mguu wake.

Aliyeona ni dada mmoja, muuguzi, aliyepita nyumba kwa nyumba na utepe wa kupimia mikono ya watoto. Alikuja kunywa chai tu siku hiyo. Alimpima mdogo wangu mkono, utepe ukasema hana neno. Halafu akamshika miguu yote miwili, akaibonyeza kwa vidole gumba, akahesabu kwa kunong'ona, akaachia. Mashimo mawili. Mimi nikacheka, nikamwambia kwamba huo ni mchezo wetu. Hakucheka. Aliniuliza tumeucheza tangu lini, nikasema tangu kabla ya mvua, akainuka, akaenda kusema na haboba.

Haboba alikuja juu. Kuambiwa mbele ya wateja kwamba mjukuu wake ana utapiamlo ilikuwa sawa na kumwagiwa birika barabarani. Alimfukuza yule dada, akamwambia aende akapime watu wa kambini. Wateja wakamuunga mkono, glasi mikononi, wakimtazama mtoto na kumwonyesha yule dada mashavu yake.

Lakini mama alikuwa amesikia. Kesho yake aliaga kwamba anakwenda kanisani, akambeba mtoto juu ya tumbo lake kubwa, mimi nikamfuata na kitenge cha kubadili, tukaenda kituo cha lishe. Lilikuwa turubai refu lenye vitanda vya kamba. Harufu ya mle ndani bado ninayo puani: maziwa yaliyocheuliwa, kinyesi, dawa ya kuoshea sakafu, na vidonda. Maana wakati huo ngozi ya mdogo wangu nayo ilikuwa imeanza kubanduka mapajani, ikaacha pekundu. Mama alikaa naye siku mbili. Ya tatu uchungu ukamshika, wakampeleka hospitali kujifungua, nikabaki mimi.

Yule dada alinifundisha kumnywesha. Kikombe kidogo cha maziwa maalumu, kila baada ya saa chache, mchana na usiku, wala si zaidi ya hapo. Alinieleza vizuri, kama anayesema na mtu mzima, kwamba mwili wake umedhoofika ndani, akipewa kingi kwa ghafla moyo utashindwa. Kwanza kidogo, baadaye ndipo chakula chenyewe. Akasema tena kwamba maji yaliyomvimbisha yatatoka na mtoto ataonekana amekonda, nisiogope. Niseme tu ukweli kwamba nilielewa kila neno.

Na ikawa hivyo. Alikojoa na kukojoa, kitenge hakikukauka. Uso ulipungua, macho yakatoka, mbavu zikahesabika, miguu ikawa vijiti. Siku ya tano alilia. Alilia kwa sauti, akanipiga teke nilipochelewesha kikombe, na yule dada akaja mbio akicheka, akasema sasa tumempata. Mimi nilikuwa nimechoka. Nilikereka na harufu, na usingizi wa vipande vipande, na mikojo, na mtoto mwenye uso wa kizee aliyechukua nafasi ya mdogo wangu mzuri. Nilitamani legemat mpaka mate yakanijaa kinywani.

Siku hiyohiyo haboba alifika. Sijui nani alimwelekeza. Alisimama mlangoni pa turubai akamtafuta mjukuu wake kitanda kwa kitanda, akampita, akarudi, ndipo akamjua.

"Mtoto yangu ilikuwa mnene," alimwambia yule dada. "Nyinyi nataka kunirudishia mifupa?"

"Ule haikuwa unene, mama. Ilikuwa maji."

Haboba alimpa mgongo. Alinigeukia mimi. Aliniamini, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa, na mimi ndiye niliyekuwa mtu wake.

"Wanampa chakula?"

Yule dada naye alinitazama, akisubiri. Ningeweza kusema yote aliyonieleza. Haboba angenisikiliza pengine; alizoea kunisikiliza.

"Wanampa kikombe kidogo tu," nikasema. "Analia kutwa."

Ndivyo nilivyosema. Neno kwa neno ilikuwa kweli. Haboba alimnyanyua mtoto, akamfunga mgongoni, na yule dada alitufuata mpaka barabarani akimsihi, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kiarabu, mpaka mwisho akamsihi kwa jina la Mungu. Mimi nilitangulia mbele, maana nilijua jioni kutakuwa na mafuta jikoni.

Nyumbani mtoto alipewa chai na legemat alizoweza kumeza, na alimeza nyingi. Siku chache tu mashavu yakarudi. Uani kukawa na shangwe, fundi cherehani akaja, wateja wakaja, na haboba akachinja kuku kumshukuru Mungu na kuwaaibisha wa kituo. Kabla ya kula nilimpakata mdogo wangu. Nilimbonyeza mguu, safari hii si kwa mchezo. Shimo likabaki. Haboba alikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa, akipakua, ameng'ara kwa furaha. Nikalifunika shimo kwa kiganja mpaka likajaa, nikainuka kwenda kunawa. Nilikula paja. Lilikuwa na chumvi ya kutosha na kitunguu kingi, na sijawahi kulisahau ingawa nimejaribu.

Mtoto alikufa kabla wiki haijaisha. Mama alirudi kutoka hospitali na kichanga cha kike, akakuta mkeka wa matanga.

Leo hapo penye banda pana kibanda cha kuchaji simu. Ua wetu umegawanywa, ukuta umepita penye jiko. Haboba alikufa akiamini kwamba kituo ndicho kilichomuua mjukuu wake, na sikumwambia vingine hata alipokuwa kitandani kwa siku zake za mwisho na mimi ndiye niliyemnywesha. Mama hakuniuliza kitu. Dada yangu yule aliyezaliwa siku zile alinyonya mpaka akakimbia na kurudi, na mayai alipewa yeye. Mama aliyachukua kwenye kiota mwenyewe, mbele ya haboba. Harufu ya tangawizi alfajiri wengine huililia. Mimi imenitoka, na iende.

Ila matanga sijakusimulia. Watu walijaa, wakasema mtoto mwenye afya namna ile hafi hivihivi, lazima kuna jicho la mtu. Wakalitafuta jicho hilo, wakakumbuka nani alimshika miguu na kunong'ona hesabu. Mchana yule dada akaja. Alikuja na kitambaa kichwani kama mfiwa, akasalimia, hakuitikiwa, akaketi kwenye mkeka wa wanawake. Wakaanza kujisogeza mmoja mmoja, kimyakimya, wakahamia mkeka wa pili, mpaka akabaki katikati ya mkeka mzima peke yake. Wa kwanza kuhama nilikuwa mimi, kwa sababu alikuwa amekuja kukaa karibu yangu.