Mguu Uliokubali Kurudi Nyuma

Kisa hiki nilisimuliwa kwanza na shangazi yangu anayeishi mtaa wa Section 58, Pasaka iliyopita. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi akichuma maparachichi, mguu wa kushoto ukalegea na kufa ganzi. Picha za hospitali hazikuonyesha jeraha, na mumewe akaanza kusema anajifanya.

Daktari wa mazoezi ya viungo akamwambia, “Mathe, hebu tembea kinyumenyume.”

Akaenda hatua sita bila kuyumba.

“Si nilisema?” mumewe akanung’unika.

“Mzee, hajifanyi. Mguu ni mzima, ila ubongo umesahau kuutuma mbele. Tutaufundisha upya.”

Mzee alivua kofia, akamshika mkewe mkono. Ukoo mzima tulikuwa tumeamini picha kuliko mtu.

Wote wawili wako hai. Wakienda sokoni, mzee humwomba apunguze mwendo.