Pedali Iliyozama

Harufu ya mafuta ya breki haisahauliki. Ina uvundo kidogo wa samaki na utamu kidogo wa dawa ya kikohozi, na ikishaingia kwenye nguo haitoki kwa sabuni yoyote. Ikinipitia puani, hata nikiwa katikati ya shughuli zangu, najiona niko mtaani Tena, nyuma ya fleti zetu, nimelala chali chini ya gari la baba na nywele zimejaa mchanga.

Lilikuwa gari la bluu. Lilisimama siku baba alipoanguka kutoka juu ya lori huko Industrial Area, alikokuwa akifanya kazi ya stoo. Mguu wake wa kushoto uliumia vibaya ukabaki na ganzi. Muda wote aliokuwa akijifunza kutembea upya, gari halikusogea. Magurudumu yaliisha upepo, watoto wakawa wanaandika majina yao kwenye vumbi la boneti, na paka mmoja akalifanya hospitali yake ya kuzalia.

Jumamosi moja baba alishuka ngazi kwa mkongojo, akaniita nimfuate. Aliketi kwenye kiti cha dereva, akaweka mguu wa kushoto kwenye klachi, akakanyaga. Pedali ikazama hadi chini na isirudi. Akaiinua kwa mkono, akakanyaga tena. Ikazama. Akakaa akiitazama.

"Nafula," akasema, "hebu ingia hapa ukanyage wewe."

Nilikuwa na miguu kama vijiti vya mshikaki. Nilijikaza nikitarajia ugumu, lakini ilikuwa kama kukanyaga uji.

"Imezama yenyewe, ama umesukuma kwa nguvu?"

"Yenyewe, baba."

Baba akaangua kicheko, akashika mlango asianguke. "Basi ni gari! Ni gari ndilo gonjwa!" Mimi nikabaki nikishangaa mtu anafurahije gari lake likiharibika.

Alimwita Karis, fundi aliyeishi ghorofa ya chini, jitu la watu lenye sauti ndogo.

"Mzee, hiyo ni klachi imeisha," Karis alisema. "Gari ikikaa hivi, ndani hushika kutu. Tushushe tu gearbox."

"Ngoja kwanza. Tujue inaumwa wapi."

Karis hakubisha. Alifungua boneti, akakuta kikopo cha mafuta ya klachi, ambayo ni yale yale ya breki, kikavu kabisa. Akakijaza. Sasa ilibidi mtu atazame kule chini, pedali inapokanyagwa, kama kile kifimbo kinachosukuma klachi kinasonga. Kikisonga vizuri, basi ugonjwa uko ndani ya gearbox. Kisiposonga, uko kwenye mafuta. Lakini gari lilikuwa limelala karibu na ardhi na Karis asingeingia hata kwa kusukumwa. Nikaingia mimi, kabla mama hajatokea kwenye roshani kunikataza.

"Kinasonga?" baba aliuliza kutoka juu.

"Kidogo sana! Halafu kinarudi!"

Akakanyaga tena. Tone likanidondokea shavuni.

"Kuna maji hapa, baba!"

"Usionje! Nusa!"

"Samaki!"

Nilimsikia Karis akipiga makofi. "Hiyo ni silinda ya chini, ile inasukuma hicho kifimbo. Raba zimekauka zikapasuka. Gearbox haina shida."

Raba mpya zilipopatikana, Karis alichaji betri, akajaza magurudumu upepo na kuliinua gari kwa jeki ya kuazima ili aweze kuingia chini. Mimi ndiye niliyewekwa kwenye kiti kukanyaga na kushikilia, huku Karis akifungua na kufunga nati kule chini hewa itoke. Kila nilipokanyaga, pedali ilizidi kunirudishia nguvu, mpaka nikalazimika kuisukuma kwa miguu yote miwili. "Imekuwa ngumu!" nikapiga kelele. "Baba, imekuwa ngumu!"

Akaja, akaketi, akakanyaga. Pedali ilifika katikati. Goti lake likatetemeka, kisha pedali ikaurudisha mguu wake juu, polepole. Akajaribu tena. Karis akageuka, akajishughulisha na kufuta spana zake.

Baba aliinua uso kuelekea roshani. "Mama Nafula! Vaa viatu vya chini, ushuke."

Mama hakuwa amewahi kushika usukani. Alasiri ile gari liliruka kama chura na kuzimika mara nyingi, na jirani zetu wote walikuwa madirishani. Baba aliketi kando yake akisema, "Achilia polepole, mama. Polepole."

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza baba alikuwa akicheka nini siku ile pedali ilipozama.

"Mguu wangu haukuwa unahisi kitu," alisema. "Pedali ilipozama, sikujua kama nimeisukuma mimi au imejiendea. Nilipoona imekuzamia na wewe, nikasema, kumbe labda mguu ni mzima, tutengeneze gari kwanza."

"Na ilipokuwa ngumu?"

"Ndipo nikajua mguu nao ni mgonjwa," akasema. "Nikamwita mama yako."

Na mimi wakati huo nilikuwa nikirukaruka kando ya gari, nikimwambia kila anayepita kwamba pedali yetu imekuwa ngumu.