Jina Ambalo MaZondi Hakuweza Kuliita

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia darasani nikakuta wanaume watupu. Kituo chetu kilikuwa katikati ya mji wa Durban, juu ya saluni ya Wakongomani, na kazi yetu ilikuwa kufundisha madiwani wanawake kutoka vijijini. Sasa hao wenye suruali walitoka wapi?

"Ni waume zao," Mkurugenzi wetu aliniambia, mama mmoja asiyeshtushwa na kitu. "Wake wako kwenye ngazi, wanangoja kuambiwa kilichofundishwa."

"Mungu wangu! Kwani aliyechaguliwa ni nani?"

"Ndiyo kazi niliyokuajiria, mama. Wabadilishe."

Niliwabadilisha: waume ngazini, wake darasani. Eish, nilitukanwa kwa Kizulu, na afadhali nilikuwa bado sijakijua.

Baada ya hapo niliwafundisha akidi, yaani idadi ya wajumbe ambayo bila hiyo kikao si kikao. Niliwafundisha kupokea hoja, na kura ya kuitana majina: mwenyekiti mwenyewe anamwita kila mjumbe kwa jina lake, naye anajibu ndiyo au hapana. Hiyo ya mwisho nilidhani ni mchezo wa watoto.

Halafu akaja MaZondi, diwani mpya kutoka milimani, mwanamke mwenye kicheko cha kutetemesha vikombe. Kijiji chake kilikuwa kimepata bomba moja la maji. Kamati ya kata, ambayo yeye ndiye mwenyekiti wake, ilitakiwa kuamua: liende kwenye josho la ng'ombe, au lipande juu, kwa wanawake wanaoshuka mtoni na ndoo kichwani. Tukafanya mazoezi. Akaita jina la kwanza, la pili, kisha akanyamaza. Jasho likamtoka.

"Huyu siwezi, mama. Ni baba mkwe."

Desturi hiyo naijua tangu kwetu Rumonge, Burundi: mke hatamki jina la baba mkwe, hata mzee akiwa hayupo. Ila sikuwahi kuifikiria ndani ya kikao! Asipomwita, kura haikamiliki, na naibu wake, bwana mmoja aliyekitamani kile kiti, angesema mama huyu hawezi kazi.

"Amwite 'mjumbe' tu," Mkurugenzi alishauri.

"Kanuni inataka jina," nikamjibu, roho ikiniuma.

Siku ya kikao tulipanda taxi hadi kwao, mimi nikiwa mtazamaji. MaZondi aliita majina vizuri mpaka akafika kwa mzee. Akakwama. Naibu akakohoa.

"Kama mwenyekiti ameshindwa, nitaendelea mimi."

Mzee akasimama mwenyewe, akagonga fimbo chini, akalitaja jina lake kwa sauti ya kuitia ng'ombe. Machozi yakanilengalenga. Mzee mzuri huyu! Kumbe hajamaliza.

"Nasema hapana. Maji yaende joshoni."

Weee! Nusura nianguke kwenye benchi. Majina yaliyobaki yakaitwa, kura zikawa sawa kwa sawa, na zikiwa hivyo mwenyekiti ndiye anayekata. MaZondi hakumtazama mzee, maana hata hilo haliruhusiwi. Alitazama meza.

"Ndiyo," akasema. "Bomba linapanda."

Baadaye nyumbani alimpelekea mzee chakula kwa magoti, kama siku zote. Mzee akanawa mikono, akauliza, "Mnaanza kuchimba lini?"

Sasa nimestaafu, nakaa Point, hapa hapa Durban. Vijana wananiuliza kama wale wanawake kweli walipata nguvu. Maji yalipanda, nawaambia, na MaZondi alichaguliwa tena.

Lakini juzi mjukuu wangu alikuja na kazi ya shule, akataka kujua baba wa babu yake, yaani wa mume wangu, aliitwa nani. Mimi, mwalimu wa kuita majina! Nikafungua mdomo, nikaufunga. Jasho likanitoka kama lile la MaZondi.

"Ngoja," nikamwambia, "babu yako akirudi utamuuliza."