Ukanda wa Manjano

Fungu la kunde nililonunua sokoni Jumamosi lilikuwa limefungwa kwa jani la ua langu. Hapa mboga hufungwa kwa kamba za mgomba, kwa hiyo niliangalia mara mbili. Mistari ya manjano kingoni niliitambua.

Ua hilo linafanana na mkonge usio na miiba. Nimelipanda kwenye ndoo barazani, na kila chipukizi la kijani tupu ninalikata, lisije likazidi na kuifuta mistari. Hukua polepole, na sijaona lingine mjini. Likiendelea kukatwa majani ya kufungia mboga litakufa.

"Nani alifunga hizi?" nikamuuliza muuzaji.

"Mama, unanunua mboga ama kamba?" Wenzake wakacheka. "Zilitoka Shinyalu zikiwa hivyo hivyo."

Nyumbani nilikuta majani ya nje yamekatwa chini kabisa, kwa kisu kikali. Wifi yangu, tunayeishi naye boma moja, alikuwa akimwagilia sukuma wiki.

"Labda ni mbuzi," akasema bila kugeuka.

Mbuzi hakati jani likanyooka vile. Lakini wifi hajapanda kunde, na kufuli ya lango, ambayo funguo zake tunazo sisi wawili tu, nilikuwa nimeikuta imefungwa.